Reli ya Kifo kule Kanchanaburi: usiishie darajani

Wadau nimerudi kutoka Thailand mwezi uliopita, naandika sasa hivi maana kabla sijaenda nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa kabisa.

Treni ni ile ile wanayopanda wananchi, unaipata stesheni ya Thonburi pale Bangkok, behewa za daraja la tatu, viti vigumu, feni juu, madirisha wazi, mgeni analipa baht 100. Mkishaipita Kanchanaburi hakikisha umekaa kushoto, kwa sababu pale Wang Pho treni inatambaa juu ya nguzo za mbao zilizoegemea mwamba na mto uko chini yako, ukikumbuka waliobeba yale magogo ni kina nani unanyamaza tu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani walitaka njia ya kupeleka mizigo kwa jeshi lao Burma (Myanmar ya leo), maana baharini meli zao zilikuwa zinazamishwa, basi wakaanza 1942 na Oktoba 1943 kilomita 415 zikawa zimeungana. Walioijenga ni mateka wa vita zaidi ya 60,000, Waingereza, Waaustralia, Waholanzi, na 12,000 na ushee wakafia humo kwa kipindupindu, njaa na kipigo.

Daraja la mto Kwai ni zuri ila nusu saa inatosha, watu wamejaa wanapiga picha. Angalia tu vile vipande vya upinde ndo vya zamani, viwili vya kati vilivyonyooka viliwekwa baada ya vita kwa sababu vya mwanzo viliangushwa na mabomu.

Pa kwenda ni Hellfire Pass, yaani Njia ya Moto wa Jehanamu, kama kilomita 80 kutoka mjini. Makumbusho yanasimamiwa na serikali ya Australia, kuingia bure, unapewa kifaa cha kusikiliza na ndani yake wazee walionusurika wanasimulia wenyewe. Halafu unashuka ngazi mpaka kwenye mwamba uliopasuliwa, kuta mbili zimekubana, na alama za tindo bado zipo ukutani, kuna sehemu chuma kilikatikia ndani ya jiwe mpaka leo kimo. Mateka walikuwa wanagonga kwa nyundo usiku kucha kwa mwanga wa mienge na mioto, wakapafananisha na jehanamu, jina likabaki. Gari la watalii nililopanda mara ya kwanza lilitupa dakika 40 tu, nilikasirika sana, kesho yake nikarudi kwa basi nikakaa nusu siku. Nenda asubuhi, vaa raba, beba maji.

Kilichoniuma zaidi ni vibarua wa Kiasia, Watamil wa Malaya, Waburma, Wajava, wengine walidanganywa kuna mshahara mzuri wengine wakakamatwa tu. Walikuwa wengi kuliko mateka na makadirio ni kwamba walikufa kama 90,000. Pale makaburini mjini nimepita mistari na mistari, makaburi ya mateka karibu 7,000, majani yamekatwa vizuri, mawe yana majina, hao vibarua hawamo hata mmoja. Vuka barabara uingie makumbusho ya reli, ndo angalau utasoma habari zao.

Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, 1944 alipelekwa Burma, mwenyewe alikuwa anasema "Bama", akapigana na jeshi hilo hilo lililokuwa linalishwa na reli hii. Akiwa hai nilimuuliza habari za bunduki tu, sikuwahi kumuuliza walikuwa wanabebewa mizigo na nani.