Uzoefu wangu na kituo cha jamii cha ushauri wa kodi na umeme

Kama kodi ya nyumba na bili ya umeme zinakufukuza kila mwezi, ukilipa hii ile inadai, nenda kituo cha jamii mapema, kabla notisi ya kuhama haijafika. Mimi nilikwenda nikidaiwa kotekote. Naandika kwa sababu watu wengi wanadhani pale wanagawa hela tu.

Hela ipo, ila ni kidogo, na wanaotangulizwa ni wazee, wagonjwa, wenye watoto wachanga na waliokwisha kukatiwa umeme. Sikupata hata senti, na bado nawashukuru. Mama aliyenipokea alitaka karatasi zote: mkataba wa kupanga, risiti za kodi, risiti za umeme, na kitu cha kuonyesha kipato. Akazipanga mezani kwa mfuatano wa miezi, akaanza kuuliza. Ni yeye aliyenionyesha kwamba mita yangu ya kulipia kabla ilikuwa na deni la zamani, na kila nikinunua umeme, sehemu ya pesa inakatwa kwanza kulipia deni hilo ndipo napewa uniti. Hakuna aliyewahi kunieleza.

Kisha akamtuma fundi nyumbani. Hapa ndipo nilipoona thamani ya huduma hii. Kijana alizima taa zote na kuchomoa kila kitu, hata friji, akaniita tuitazame mita. Kitaa chake bado kilikuwa kinawaka na kuzima. Alipozima swichi kuu, kikatulia. Maana yake kuna kitu kilikuwa kinakula umeme kupitia kwangu. Akafuata nyaya mpaka darini, akakuta mmoja umetoka kwenye kisanduku changu kwenda kuwasha taa za korido, zile zisizozimwa usiku wala mchana. Yaani nilikuwa nawalipia wapangaji wote! Fundi akaandika ripoti, kituo kikaiambatanisha na barua kwa mwenye nyumba. Waya ukahamishwa, na tukakubaliana kiasi fulani kipunguzwe kwenye deni langu la kodi. Deni lililobaki nalilipa kidogo kidogo pamoja na kodi ya kila mwezi, kwa makubaliano ya maandishi.

Siku ile, kabla hajaondoka, yule fundi alinipa somo fupi. Hita ya maji ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imemaliza uniti nzima, wakati balbu ya LED ya wati 9 inakwenda zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyohiyo. Kwa hiyo nguvu zangu nizielekeze kwenye vitu vya kuchemsha na kupasha moto. Akabana karatasi kwenye mlango wa friji na kuivuta. Ikatoka bila kushikwa. Raba ya mlango imechoka, akasema, baridi inavuja na mota haipumziki.

Kasoro zipo. Wanafungua saa za kazi tu, na mtu wa kibarua akienda kupanga foleni amepoteza riziki ya siku hiyo. Hili linaniuma, kwa sababu hao ndio wanaokihitaji kituo kuliko wote. Simu yao haipokelewi kirahisi. Na waliopanga kwa maneno ya mdomo, bila mkataba, wanapata tabu mwanzoni, ingawa nilimwona mmoja akikubaliwa baada ya kuonyesha jumbe za malipo ya kodi kwenye simu yake.

Ukienda, beba nakala na ubaki na karatasi halisi. Mwambie mshauri madeni yote, hata ya dukani, maana mpango wa malipo hupangwa kwa kinachobaki mfukoni. Na kama mwenye nyumba amekuletea karatasi ya kusaini kwamba utahama, usiisaini kwanza, wapelekee waisome.