Fataki za glita: uliza sekunde kwanza, shoti baadaye

Sendofu ya mdogo wangu tulifanyia Kigamboni, Desemba, kwenye bustani inayotazama bahari. Kamati ilinikabidhi shilingi laki mbili na nusu na kazi moja: bibi harusi akiingia, anga lijae glita ya dhahabu, yaani fataki zinazometa. Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanishikisha boksi zito hasa. "Dada, hii shoti mia moja. Hutajuta." Shoti ni kila mrusho mmoja unaotoka kwenye boksi. Usiku ule MC akahesabu, utambi ukawashwa, na kwa nusu dakika tukaona mwanga mweupe uliovimba ndani ya wingu la moshi. Mama mkubwa akaniuliza kama ndiyo linaanza. Lilikuwa limekwisha.

Kesho yake nilitazama video ya mpwa wangu kwa mwendo wa polepole, na glita ilikuwemo! Shoti ya kwanza ilipaa na mkia mzuri kabisa. Kabla mkia haujaanza kumeta, shoti ya pili ikapasuka mbele yake, ya tatu juu yake, ya nne ikamwaga moshi. Mia zote hivyo hivyo. Sikuuziwa fataki mbovu. Niliuziwa fataki zinazozimana.

Sitaandika hapa habari za rangi, ukubwa wa boksi wala mlio. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Nataka tuzungumzie nafasi kati ya shoti na shoti, kwa sababu glita inaishi au inakufa hapo.

Glita ya kweli si cheche. Ndani yake mna mchanganyiko wa baruti nyeusi, yaani nitreti ya potasiamu, mkaa na salfa, ukaongezwa unga wa alumini na kitu cha kuchelewesha mmweko. Mara nyingi kitu hicho ni bikabonati ya sodiamu, ileile tunayotia kwenye keki, na sodiamu ndiyo inayoipa glita ule unjano wa dhahabu. Nyota, yaani kile kidonge cha mchanganyiko kinachowaka, inapopaa hudondosha vitone vya moto vilivyoyeyuka. Kila kitone hufifia kwanza, karibu kipotee, halafu ghafla hupasuka kwa mmweko. Ukitazama vizuri utaona pengo la giza kati ya nyota na mimeto inayoifuata nyuma. Pengo hilo ndilo uzuri wenyewe. Cheche za titani ni jambo jingine: huwaka tangu zinapotoka mpaka zinapozimika, hazikonyezi hata mara moja, ila boksi lake nalo huandikwa glita kwa herufi za kung'aa.

Sasa fanya hesabu. Mkia wa glita unahitaji kama sekunde mbili hivi ili uonekane wote. Boksi la shoti 100 linaloisha kwa sekunde 30 linarusha shoti zaidi ya tatu kila sekunde. Kitone kitafifia saa ngapi, na kitapasukia kwenye giza lipi? Boksi la shoti 25 linalokwenda sekunde 40 linakupa zaidi ya sekunde moja na nusu kwa kila shoti. Hapo jicho linapumua, na moshi unapata nafasi ya kusogea.

Moshi nao usiupuuze, maana baruti nyeusi ina moshi mwingi. Desemba kwetu ni kaskazi, na Kigamboni upepo ule unatoka baharini. Sisi tuliweka boksi ufukweni, mbele ya wageni, tukajipulizia moshi wote usoni. Liweke pembeni, upande ambao upepo unaelekea, ili moshi uende zake.

Kwangu mimi, kwa glita, nafasi ya kwanza ni fataki za chapa ya Winda, ya Liuyang kule Hunan, China, mji ambao kutengeneza fataki ndiyo kazi yake tangu zamani. Chukua boksi la shoti 25 hadi 36 lenye mirija ya milimita 30. Sijalipwa na mtu. Nimeshaziwasha mara nne kwenye shughuli tofauti, na mara zote nne mkia ulipanda, ukanyamaza, ukamwaga dhahabu kabla mwenzake hajafika. Tafuta lenye lebo ya Ulaya: alama ya CE, ya viwango vya usalama vya huko, daraja F2 au F3, na uzito wa baruti kwa gramu. F2 inataka watu wakae mita 8 au zaidi, F3 mita 25. Kama bustani yako haina mita 25, achana na F3 hata ukipewa bure.

Ya pili ni chemchemi za glita zinazokaa chini. Hapa hakuna shoti ya kumzima mwenzake, ni mmwagiko mmoja unaokwenda taratibu, na kwa ua wa nyumba za Sinza au Tabata zinatosha kabisa. Nje tu, tafadhali, si ukumbini.

Ya tatu ni kuwaita mafundi wenye leseni warushe makombora ya inchi 3, yaani fataki kubwa za mviringo zinazorushwa kwa mrija, yanayopasukia karibu mita 90 juu. Glita ya huko ni nyingine kabisa, inaning'inia kama pazia. Ningewapa nafasi ya kwanza isingekuwa bei. Ukiwaita, waambie waachanishe makombora ya glita kwa sekunde tatu au nne na wasiyachanganye na yale meupe ya kelele. Kibali cha polisi kiwepo mkononi kabla ya siku, kwao na kwako.

Vijiti vya cheche vya bei ndogo havina glita. Basi.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyouziwa. Bei inapangwa kwa idadi ya shoti, kana kwamba tunanunua mayai. Lebo yenye maelezo imefunikwa na stika ya bei, ukiomba ibanduliwe unaambiwa unaharibu mzigo. Boksi lililobaki tangu mwaka jana, limelala stoo kwenye joto na unyevu wa mji huu, linapanguswa vumbi na kupandishwa bei ikifika Desemba tarehe 20. Na ukiuliza video, unaonyeshwa ya boksi jingine.

Januari nilirudi kwa muuzaji yule yule. Sikwenda kugombana. Nilimwomba video ya boksi la shoti mia, nikaweka saa ya simu mezani, tukaitazama pamoja: sekunde 28. Akatoa simu yake, akatafuta video ya Winda la shoti 36 lililokuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya maboksi makubwa. Sekunde 58, na pengo la giza lilionekana hata kwenye kioo chake kilichopasuka. Nikauliza bei. Ilikuwa pungufu ya niliyolipa kwa shilingi elfu sabini. "Hilo watu hawalitaki, dada," akasema. "Wanaona shoti chache."