Kwenda Ssese: Kivuko cha Nakiwogo au cha Bukakata?

Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ni 84, na wageni wengi huishia Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote. Ukitokea Kampala bila gari, panda meli ya MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe. Kwa kawaida huondoka saa nane mchana na kutia nanga Lutoboka, bandari ya Bugala, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi, jua bado lipo. Ubaya wake ni kurudi: huondoka saa mbili asubuhi, kwa hiyo anayelala usiku mmoja hafaidi kitu. Wahi mapema, hasa Ijumaa, maana nafasi ya magari ni finyu.

Mwenye gari apitie Masaka hadi Bukakata. Kivuko cha kwenda Luku, upande wa Bugala, ni bure na safari yake haifiki saa moja, ila foleni ndiyo humaliza muda. Ukishuka Luku utapita katikati ya michikichi iliyopandwa kwa mistari. Mafuta yake yameleta ajira na barabara, lakini misitu mingi imekatwa kwa ajili yake. Usitegemee msitu mnene njia nzima.

Chakula? Agiza sato au sangara, wa siku hiyohiyo.

Kuogelea ndiko kwenye mtego. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, hata pakionekana pasafi. Ukishaingia majini, pima kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima mapema mno, mayai ya minyoo yake huenda yasionekane.