Darasa la kukua kiroho huku Pasua Moshi, maoni yangu kwa wanaouliza

Bwana asifiwe wapendwa. Watu wengi wamenifuata inboksi kuhusu lile darasa la kukua kiroho la Jumamosi jioni huku Pasua, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina la kanisa sitaji maana wenyewe hawapendi kutangazwa mtandaoni, ila ukiulizia mtaani darasa la Jumamosi utaelekezwa tu.

Kwanza ni bure, unalipia fotokopi za notsi basi. Nalisema mapema kwa sababu kuna semina za mjini unauziwa siti ya mbele alafu unaahidiwa baada ya siku tatu utakuwa umevuka levo. Hapa hakuna levo wala cheti.

Kinacholibeba hili darasa ni namna wanavyosoma Biblia. Hawarukiruki mistari, mnashika barua moja mnaisoma toka salamu mpaka amina. Sisi tulianza na Wakorintho wa Kwanza, na mi nilitegemea Waebrania 5 pale kwenye maziwa ya wachanga na chakula kigumu cha waliokomaa, lakini mwalimu alikuwa na sababu yake. Sura ya 1 Paulo anawaambia hawajapungukiwa na karama yoyote, ukifika sura ya 3 anawaita watoto wachanga kwa ajili ya husuda na fitina, huyu wa Paulo huyu wa Apolo. Sura ya 6 wanapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu, sura ya 11 kwenye chakula cha Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Yaani watu wananena kwa lugha, wanatabiri, na bado ni wachanga! Darasa zima tulitulia, maana tumezoea mtu akikesha na kuomba kwa sauti kubwa tunamwita amekomaa, tunampa maiki, hakuna anayeuliza anaishije na mke wake au dada wa kazi anamlipa tarehe ngapi.

Mwalimu wetu ni mama mtu mzima, mwinjilisti mstaafu, akauliza hivi, nani hapa hasalimiani na ndugu yake kwa ajili ya kihamba, lile shamba la urithi? Kimya. Wachaga wenzangu hii ishu mnaijua, Desemba tunapanda wote nyumbani, tunachinja, tunaimba kanisani benchi moja, kumbe kaka na mdogo wake hawajaongea toka msiba wa baba sababu mpaka ulisogezwa hatua mbili. Mama akatukumbusha isale, lile jani tunalopanda mpakani, ndo hilohilo wazee wanashika mkononi wakienda kuomba msamaha, na ukiletewa isale si rahisi kukataa. Akasema babu zetu walikuwa wanafanya hivyo kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajafika Machame 1893, sasa wewe uliyekombolewa kwa damu ya Yesu utajitetea na nini?

Kazi ya nyumbani wiki hiyo haikuwa ya kuandika. Ilikuwa Mathayo 5:23-24, acha sadaka yako madhabahuni, nenda ukapatane kwanza na ndugu yako. Kaka mmoja alirudi akasema alienda na mdogo wake hakumfungulia geti. Nilipenda mwalimu alivyomjibu, hakumwambia ana imani haba, alimwambia umetii, sasa utaenda tena na usibebe maneno mengi.

Kingine kizuri, kila mtu anapewa mlezi, mtu aliyetangulia kwenye wokovu, mnaonana kila wiki anakuuliza habari za hela, hasira, na unachoangalia kwenye simu usiku. Wangu ni mama anauza ndizi Mbuyuni, tunaongea huku anapanga mikungu. Chuo cha Biblia hajasoma ila 2 Petro 1 ameishika kichwani, imani, wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, upendo, na anapokaziaga ni kwenye kiasi, anasema wengi tunataka turuke toka imani mpaka upendo bila kupita hapo katikati. Nilipomlalamikia kwamba sioni nikibadilika aliniambia mche wa kahawa una kama miaka mitatu kabla haujaanza kuzaa, na hakuna mkulima anayeuvuta kwa mikono ili urefuke.

Mapungufu yapo. Notsi zimefotokopiwa vibaya, pembeni maneno yamekatika. Ratiba inasema saa kumi lakini mnaanza karibu na kumi na moja, na wenye maduka hawawezi kabisa sababu Jumamosi ndo siku ya biashara, wangefungua na la Jumapili mchana.

Lakini lililoniuma hasa ni somo la mateso. Yakobo 1 tuliipita mbio. Mama mmoja mjane akauliza, maana sehemu fulani ya maombezi alishaambiwa mume wake alikufa sababu wao hawakuwa na imani ya kutosha. Akajibiwa dakika chache tukaendelea na mengine. Hilo swali lilihitaji jioni nzima jamani, Yakobo anasema majaribu yanaleta saburi, hasemi ni dalili ya imani ndogo, na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu ule mwiba wa mateso mwilini mwake uondoke haukuondoka. Watu wanaacha kanisa kwa maneno kama yale aliyoambiwa huyu mama. Nilimfuata mwalimu baadae nikamwambia, akakubali, amesema awamu ijayo somo hilo litachukua wiki mbili.

Kama umeokoka juzi, kuna darasa lingine la misingi, anzia huko. Hili ni la sisi tuliokaa kanisani miaka, wanakwaya, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya. Awamu mpya inaanza baada ya Pasaka. Njoo na Biblia nzima, usije na Agano Jipya peke yake maana wanarudi sana kwenye Zaburi na Mithali, na daftari kubwa kwa sababu zile notsi hazitoshi.