Mfumo wa gesi kwenye IST: usiangalie mtungi tu, angalia ulivyosetiwa

Gari ni Toyota IST ya injini ya 2NZ, mfumo ni wa gesi asilia iliyoshindiliwa (CNG), wenye nozeli nne za gesi, kila silinda na yake. Dar watu huulizia ukubwa wa mtungi na bei. Mimi naanzia kwenye kontroli boksi ya gesi, maana ndiyo inayoamua gari litatembeaje.

Boksi hiyo haijipangii kiasi cha gesi. Inasoma muda ambao kompyuta ya gari imeagiza nozeli za petroli zifunguke, inauzidisha kwa namba aliyoseti fundi, inarekebisha kufuata presha na joto la gesi kwenye reli (bomba linalogawa gesi kwa nozeli), ndipo inafungua nozeli zake. Kwa hiyo injini inayomisi (silinda kukosa kuwaka) kwenye petroli itamisi zaidi kwenye gesi. Plagi ziwe mpya, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8, kwa sababu gesi inataka umeme mkali kuwaka. Koili iliyochoka utaijua ukipandisha Kimara na abiria wanne.

Usipokee gari kabla laptop haijachomekwa ukiwepo. Injini ikishapata moto, fundi ahamishe petroli kwenda gesi na kurudi, nawe uangalie muda wa nozeli za petroli. Kama ni milisekunde 3 kwenye petroli, ukihamia gesi ubaki hapo hapo. Ukipanda hadi 4, gesi haitoshi na kompyuta ya gari inahangaika kuongeza. Taa ya injini itakuja kuwaka na kodi ya hitilafu P0171, yaani mafuta ni pungufu kuliko hewa. Ukishuka, gesi imezidi. Seti ya otomatiki ya gari limesimama haitoshi hata kidogo: langu lilitulia vizuri kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), lakini juu ya mizunguko 3,500 kwa dakika gesi ilikuwa pungufu, mpaka ramani (jedwali la namba za kuzidisha ndani ya boksi) iliporekebishwa tukiwa kwenye mwendo, Barabara ya Mandela.

Gari huwaka kwa petroli, na joto la maji ya injini la kuhamia gesi nimeacha nyuzi 40. Presha ya gesi inaposhuka kutoka baa 200 za mtungi, gesi inapoa vibaya, na maji ya injini ndiyo yanayozuia regyuleta, kifaa cha kushusha presha, isigande. Kwa joto la Dar hapo unafika upesi, sioni sababu ya kushusha.

Kasoro zipo. Nguvu inapungua kama asilimia 10, kwani gesi inakula nafasi ya hewa. Geji ya taa nne ya kuonyesha gesi iliyobaki inadanganya. Naamini ile ya presha kwenye mtungi. Filta ya gesi nisingesubiri ipite kilomita 20,000: oili ya kompresa za vituoni huja na gesi ikanatisha nozeli, na dalili yake ni mtetemo wa sailensi mara tu gari linapohamia gesi. Tenki la petroli lisishuke chini ya robo, pampu inapozwa na petroli hiyo hiyo.

Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo kwa teksi ya kutwa nzima naupendekeza mfumo huu bila kusita. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, piga kwanza hesabu ya foleni ya kujaza. Na kijana wa kuoshea magari mwambie mapema asielekeze mpira wa presha kwenye soketi ya boksi.