Ua Moja, Majina Matatu, na Mimi Kuitwa Mwongo

Nyota moja kwa programu hii ya kutambua mimea. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu sifuri haikubaliki.

Nilipewa mmea kwenye chungu, umebandikwa karatasi imeandikwa "haibiskasi", basi. Haibiskasi gani? Ziko kwa mamia. Ile niliyoizoea ina majani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Haya mapana kama kiganja, yamegawanyika vidole, na ukiyapapasa yana manyoya. Nikalipia programu ya simu inayotambua mimea kwa picha. Mwaka mzima kwa mkupuo, ujinga wangu huo.

Ua la kwanza likachanua asubuhi, jeupe pe, petali zimerundikana. Nikapiga picha. "Waridi," ikasema. Waridi lisilo na mwiba hata mmoja, haya. Mchana ua limeanza kuona haya, rangi ya pinki. Picha ya pili: "Mpamba." Jioni wekundu umekoza: "Haibiskasi ya China." Ua lile lile, kikonyo kile kile, siku ile ile!

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu: "Tafadhali piga picha za mmea mmoja tu. Ulizotuma ni za mimea mitatu." Nikameza mate. Ua lililofuata nikalifunga uzi mweusi kwenye kikonyo, nikapiga asubuhi, mchana na jioni, uzi unaonekana wazi. Wakajibu: "Uzi unaweza kuhamishwa."

Uzi unaweza kuhamishwa! Yaani mtu mzima nimeacha shughuli zangu nihamishe uzi kutoka ua hadi ua ili niwadanganye wao?

Jina nililipata kwingine, bila shukrani kwao: Hibiscus mutabilis. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake chenye kubadilika. Rangi nyekundu hujitengeneza ndani ya petali kadiri siku inavyokwenda, na kukiwa na joto hubadilika upesi zaidi. Kesho yake ua limenyauka. Kosa la kusema mpamba nilikuwa tayari kulisamehe, maana ni ndugu wa ukoo mmoja na majani yanafanana. Na tena, huu wangu ndio asili yake China kweli. Lakini kuitwa mwongo, hapana.

Ushauri wa utunzaji nao ulifuata lile jina la jioni. Baridi ilipoingia, majani yakapukutika yote. Nikapiga picha, programu ikatoa hukumu: "Mmea umekufa. Uondoe." Nilikuwa nimeshaushika shina niung'oe. Sijui nini kilinituma nikwangue gome kwa ukucha kwanza: ndani kijani kibichi, unyevu kabisa. Huu hupukutisha majani kwenye baridi, na hata barafu ikiuunguza hadi chini, mizizi ikisalimika huchipua upya. Nikauacha, nikapunguza maji. Joto liliporudi nikautoa juani, nikawa namwagilia vizuri bila kuacha maji yatuame, na sasa matumba hayahesabiki.

Sasa niseme na haki. Majani yalipoanza kunata, nikapiga picha ya upande wa chini, na programu ikajibu papo hapo: inzi weupe, pulizia maji ya sabuni chini ya majani, rudia baada ya siku chache. Ikawa kweli. Nikaona basi, nyota tatu, binadamu hukosea na mashine pia. Nikabadilisha ziwe tatu.

Usiku nikaikumbuka ile sentensi ya uzi. Nikaamka, nikazirudisha kuwa moja.

Malipo yakiisha silipi tena. Nadhani. Maana leo asubuhi nimegeuza jani, na inzi weupe wamerudi.