Masweta saba kwa siku moja ya maji

Nina leso ya pamba, nyeupe yenye pindo la buluu, niliyoishona kutoka kwenye mabaki ya shuka. Tarehe 21 Desemba, basi lilipoanza kuteremka mlima wa Kitonga na joto likaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, niliilowesha nikamwekea mwanangu Gwamaka kichwani. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, pale wauza vitunguu wanapokimbilia madirisha, ilikuwa imekauka kama imepigwa pasi. Kesho yake, Tegeta, Dar es Salaam, niliilowesha tena asubuhi nikaianika kwenye kamba ya wifi yangu. Muda mrefu baadaye bado ilikuwa na unyevu.

Anayetaka kuelewa kwa nini bustani ya michezo ya maji tuliyokwenda Dar naipa nyota tatu tu, aanze na leso hiyo.

Mimi ni fundi wa masweta ya shule hapa Mwanjelwa, Mbeya. Januari ndiyo mavuno yetu, kwa hiyo likizo yangu lazima iishe kabla ya mwaka mpya. Mwaka huu watoto walikuwa wamenidai maji tangu Nane Nane. Mbeya Desemba ni mvua na tope, watu wanapalilia mahindi na makoti mgongoni, halafu unachukua watoto waliozaliwa Uyole unawashusha mita elfu moja na mia saba mpaka usawa wa bahari, kwa siku moja ya basi. Gwamaka, miaka minne, alishuka stendi akiwa na sweta. Binamu zake walicheka mpaka wakakaa chini.

Wifi alinionya mapema: "Mama Lusajo, hili joto la kaskazi halina mwenyewe. Wenyewe tunalikimbia." Nikamjibu kwamba hata Kyela kuna joto. Bibi yao, mama mkwe wangu, ambaye amezaliwa Ipinda, hukohuko Kyela, na tulikuwa naye safarini, akatikisa kichwa bila kusema kitu. Nilipaswa kumwuliza pale pale.

Kipimajoto cha Dar Desemba kinasoma nyuzi 31, 32, na namba hiyo haitishi mtu. Kazi iko kwenye unyevu. Mwili unapoa jasho linapokauka. Jasho likibaki limekuganda mgongoni umepoteza maji na chumvi bure. Ruaha Mbuyuni hewa ni kavu, ndiyo maana leso ilikauka na Gwamaka akalala vizuri. Pwani hewa imekaribia kushiba maji ya bahari, ina nafasi ndogo ya kupokea jasho lako. Kule leso mbichi kichwani bila upepo wa kuipuliza ni kofia nzito tu. Siku ya pili Gwamaka alitoka vipele vidogo shingoni na kwapani, nikadhani ni surua. Wifi akaangalia mara moja: "Harara hiyo. Muogeshe, mkaushe, muache kifua wazi."

Sasa bustani yenyewe. Iko upande wa kaskazini wa jiji, jina siliandiki kwa sababu nitakayoyalalamikia mwenye nalo anaweza kuyarekebisha wiki hii hii akitaka. Kiingilio cha watu sita kilikula shilingi 105,000. Mimi sweta moja nauza 15,000, kwa hiyo niliingia getini nikiwa nimeacha masweta saba pale dirishani, na kwa masweta saba nilikuwa na haki ya kukagua kila kitu.

Mabomba ya kuteleza ni mazuri, sitawanyima haki yao. Yapo ya watoto wadogo, lipo la kujipinda, lipo refu ambalo Baba Lusajo aliliangalia, akasema mgongo unamsumbua, akaenda kulala. Kuna mto unaozunguka bustani nzima ukiwa umekalia tyubu, na hapo ndipo nilipofurahi kuliko popote: maji mpaka kiunoni, upepo kidogo, miti inapita juu yako. Ningelipia masweta mawili kwa mto huo peke yake.

Mlangoni kuna tangazo: hakuna khanga, hakuna fulana ya pamba ndani ya bwawa. Nilisikia akina mama wakinung'unika kwamba ni mbinu ya kuwauzia nguo za kuogelea. Hapa nawatetea wenye bustani, maana ni mambo ya kazi yangu. Pamba ikilowa inabeba maji mengi, inakuwa nzito, inamvuta mtoto chini. Na nyuzi zake zinachomoka na kwenda kuziba vichujio vya bwawa. Mimi nililijua hilo, nikawashonea wangu nyumbani fulana za mikono mirefu na kaptula za magotini kwa kitambaa cha jezi, poliesta tupu. Kijana wa bwawani alikipapasa kitambaa kwa vidole viwili, akauliza tumenunua wapi. Nikamwambia Mwanjelwa. Akapitisha.

Mikono mirefu ilifanya kazi: jua halikuwachoma mabega, na baada ya kutoka majini vazi linachuruzika lote kwa dakika chache. Lakini kuna jambo sikulifikiria nikiwa kwenye cherehani. Poliesta ndani ya maji ni rafiki, nje ya maji ni gunia. Hainyonyi jasho. Mtoto akitoka kupumzika mvue, mvalishe singlendi ya pamba au mfunge khanga. Na rangi: Atupele na Gwamaka niliwashonea ya machungwa, Lusajo akakataa, akataka zambarau ya timu ya Mbeya City. Kwenye bwawa la mawimbi lenye vichwa mia, wale wa machungwa niliwaona hata wakizama hadi kidevuni. Lusajo alipotea machoni kwangu mara mbili, na mara ya pili niliita jina lake kwa sauti ambayo hata Baba Lusajo aliamka. Zambarau chini ya maji inageuka kivuli tu. Yake ijayo ni ya machungwa, apende asipende.

Kivuli ndicho kilichowaondolea nyota ya kwanza. Mabanda ya makuti ni machache na yote yalikuwa na karatasi ya "imehifadhiwa", maana yanakodishwa. Bei yake ilikuwa masweta mawili, nikapita. Yaliyobaki ya bure ni ya mabati, na bati lisilo na dari likipigwa jua linakurudishia joto kichwani kama kikaango kilichofunikwa. Tulikaa hapo dakika kumi. Bibi akainuka, akakunja mkeka wake, akatembea mpaka kwenye mti mmoja wa mkungu karibu na ukuta, akakaa upande wa magharibi wa shina. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Nikamfuata. Ilipokaribia saa sita akahama akaenda upande wa kaskazini. Baada ya saa nane akahamia mashariki. Nikamwuliza, "Mama, mbona unazunguka mti?" Akasema Desemba jua limeenda kusini, mchana kivuli kinaangukia kaskazini, na anayekaa sehemu moja siku nzima ni jiwe. Nikaangalia familia zilizokuja saa tano zikatandika vizuri upande wa kusini wa miavuli yao: saa sita na robo wote walikuwa juani, wanasukuma viti. Miguu ya miavuli imejengewa saruji, haihami. Aliyeipanda hakuwa na mama mkwe wa Ipinda.

Nyota ya pili wameipoteza kwenye maji ya kunywa, na hapa sina mzaha. Getini wanakagua mikoba. Mahindi yangu ya kuchemsha yalibaki nje, sawa, ni biashara yao. Chupa zetu za maji nazo zilibaki nje. Ndani, nusu lita ilikuwa shilingi 2,000. Watu sita, siku nzima ya joto, piga hesabu. Nilichokiona ni wazazi wanagawa chupa moja kwa watoto wanne kwa mafunda, huku watoto hao wako juani tangu asubuhi. Na mtoto aliye majini hajui kama anatoka jasho, haoni, hasikii kiu, anajua bomba tu. Kuuza soda kwa bei mnayotaka ni haki yenu, lakini wekeni bomba moja la maji safi ya kunywa au ruhusuni chupa ya maji. Sehemu inayouza joto na maji isizuie maji.

Bibi yeye alipita na dumu la lita tatu. Mlinzi alipolishika alimwambia, "Hiyo dawa yangu, mwanangu." Mlinzi akaangalia mvi zake, akasema shikamoo, akafungua njia. Ndani ya dumu kulikuwa na maji, ndimu, sukari na chumvi, kwa kipimo kilekile cha kliniki: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ndimu ni nyongeza yake. Wakati ule niliona aibu kidogo kwa ule uongo wa dawa. Saa saba aibu iliisha.

Saa saba Atupele alikuwa kwenye foleni ya bomba refu. Foleni hiyo iko kwenye ngazi za chuma, hazina paa, na siku hiyo ilichukua kama dakika ishirini. Aliteremka, hakucheka. Akaja akasema kichwa kinamuuma na hataki chipsi. Mwanangu huyo hajawahi kukataa chipsi. Nikamshika mkono: ngozi baridi, imelowa, uso umepauka. Bibi hakuuliza. Alimlaza kwenye mkeka, miguu juu ya begi, akamvua fulana yangu niliyoisifu, akamfunika khanga iliyoloweshwa na akaanza kumpepea kwa mfuniko wa boksi bila kuacha, maana pwani bila kupepea ile khanga haina kazi. Dawa ya dumu alimpa kwa funda moja moja.

Mimi nilikimbilia chumba cha huduma ya kwanza. Mlango una msalaba mwekundu na kufuli. Dada wa mapokezi akasema mwenye ufunguo yuko chakula. Wakati anatafutwa, kijana mmoja wa bwawani, yuleyule aliyepapasa kitambaa, alikuja mbio na barafu kwenye bakuli aliyoiomba kwa muuza juisi, akatuambia tumwekee kwapani na shingoni ikiwa imezungushiwa kitambaa, na akaniuliza maswali ya maana: anaongea vizuri? anajua yuko wapi? ametapika? Alisema kama angekuwa anaweweseka au mwili unawaka moto, hapo si pa kusubiri, ni gari na hospitali. Kijana huyo mwenyewe alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, na kiti chake hakina mwavuli. Nyota moja kati ya hizo tatu ni yake.

Baada ya dakika arobaini Atupele alikaa, akauliza kama chipsi bado zipo. Ufunguo ukafika.

Hilo la ufunguo lingeweza kunifanya nitoe nyota moja, lakini nakubali na kosa langu. Mwili uliotoka kwenye baridi unahitaji siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, kulizoea joto la namna ile. Sisi tulifika jioni ya tarehe 21, tarehe 23 tuko kwenye ngazi za chuma. Ningewapeleka siku ya mwisho ya safari, tarehe 27, baada ya kuwazungusha taratibu asubuhi na jioni, wanywe madafu, walale mchana. Binamu zao wa Tegeta walipanda ngazi zilezile, juani kulekule, na hawakupata hata kizunguzungu.

Saa pia. Getini wanafungua saa tatu asubuhi, na mpaka saa tano na nusu bustani ni tamu kabisa: foleni fupi, sakafu bado haichomi nyayo. Baada ya hapo njia za vigae zinaunguza, watoto wanatembea kama kuku juu ya majivu, nunua ndala za akiba. Mpango mzuri ungekuwa kutoka saa sita, kwenda kula na kulala chini ya feni, kurudi saa tisa na nusu. Niliuliza. Utepe wa mkononi hauruhusu kutoka na kurudi. Ukitoka umetoka. Kwa hiyo bei yao inakulazimisha kukaa ndani saa zile mbaya zenyewe.

Chakula ni cha kawaida, kuku amekaushwa sana. Vyoo safi. Muziki mkubwa mno.

Kwa familia ya Mbeya, Njombe au Makete inayopanga safari kama hii, nasema nendeni, lakini fikeni getini kabla ya saa tatu, na mtafute mti kabla ya kutafuta bomba. Kwa upande wangu, bibi tayari ameanza kampeni ya Matema mwaka ujao. Anasema Ziwa Nyasa halina kiingilio, miembe iko mpaka ufukweni, na Jumamosi Wakisi wanaleta mitungi yao sokoni, maji yake ya baridi hayauzwi nusu lita 2,000. Nilimkumbusha kwamba Matema hakuna bomba la kujipinda. Akasema kwa mtoto aliyekataa chipsi, bomba la kujipinda la nini.

Lusajo anapinga. Atupele yuko upande wa bibi. Gwamaka hajapiga kura, ila utepe wa bustani bado anao mkononi mpaka leo, umechakaa na unanuka. Unakatika kwa mkasi tu, na kila nikishika mkasi wangu anakimbilia uvunguni.